Mbege Isiyojua Kungoja

Demetria alikuwa na maneno yake kuhusu hamira, na hakuwaficha wateja wake. "Hii ni dawa ya watu wenye haraka," aliwaambia, huku akiimimina hamira hiyo hiyo kwenye pipa mbele ya macho yao. Wateja walicheka, wakakaa kwenye mabenchi, wakaagiza. Walikuwa wapasua kokoto, makuli, mafundi baiskeli na walinzi waliotoka zamu, na hakuna hata mmoja aliyefika Mbagala kutafuta ladha ya Kilimanjaro. Walitaka kitu cha ndizi kinachopanda kichwani upesi, na Demetria aliwapa walichotaka.

Anayetaka kumlaumu na aje kwanza alee watoto mjini bila mume, chini ya banda la makuti, halafu tuzungumze. Zamani, kabla ya mambo kuwa ruksa, hamira yenyewe ilipatikana kwa kubembeleza. Mwenye duka aliificha chini ya meza, akawauzia shemeji zake. Kisha milango ikafunguliwa, vitu vikamiminika kutoka kila upande, na hamira ya pakiti ikawa inaning'inia dukani pamoja na viwembe na pipi. Mapipa ya plastiki nayo yakaja, ya bluu, mepesi, yasiyopasuka. Demetria alinunua pipa, akanunua hamira, na maisha yakaenda.

Lakini alijua anachofanya, na wakati mwingine kilimuuma. Kwao Kibosho, mlimani Kilimanjaro, mbege, ile pombe ya ndizi, haitiwi hamira. Ndizi zilizoiva humenywa na kuchemshwa hadi ziwe nyekundu, kisha hulazwa kwenye pipa la mti kwa siku kadhaa. Baadaye huchujwa, na maji yake huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi uliopoa. Kesho yake watu wanakunywa. Chachu inatoka wapi? Inatoka kwenye pipa lenyewe. Pipa la mti haliguswi na sabuni. Linasuuzwa, linaanikwa, na pombe iliyokwisha inaiachia chachu pombe inayokuja, humo humo ndani ya nyufa. Mama yake Demetria alikuwa na pipa lililomzidi umri. Sasa mpe mtu pipa la plastiki lililosuguliwa kwa sabuni hadi likang'aa, umwambie apike mbege bila hamira. Humo hakuna kinachoishi.

Mbege ya kweli Demetria aliipika mara ya mwisho mumewe akiwa hai. Gaudens alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache na vicheko vingi, na kila Noeli ambayo hawakuweza kusafiri alimwambia mkewe apike ya nyumbani ili watoto wasisahau. Walikuwa na kipipa kidogo cha mti walichokuja nacho. Kipipa kilipasuka kwa jua la Dar es Salaam mwaka ule ule aliokufa Gaudens. Kilichobaki ni kata, kibuyu cha kunywea alichopewa na mama yake siku ya kuolewa. Demetria aliitundika ukutani, na wateja aliwapa vikombe vya plastiki.

Kifo cha Gaudens ndicho kilichomtenganisha na watu wa Kibosho. Alikufa asubuhi, ghafla, mwezi wa tatu, masika imeanza kwa kishindo na barabara ya kwenda kaskazini imekatwa na maji. Mabasi yaliyotangulia yalikuwa yanarudi. Friji la maiti la hospitali alikofia lilikuwa bovu. Na joto la mwezi huo, mwenye kulijua analijua. Walingoja, wakangoja, mwishowe wazee wa jumuiya wakamwita Demetria pembeni wakamwambia, mama, haiwezekani. Wakamzika Gaudens kwenye makaburi ya pale pale jirani.

Kule mlimani Kasiani, kaka mkubwa wa Gaudens, alikuwa ameshachimba kaburi ndani ya kihamba, shamba la migomba la baba zao. Ukoo ulikusanyika, pombe ya msiba ikapikwa, watu wakakaa wakitazama barabara. Hakuna kilichofika. Baada ya wiki, maneno ya Kasiani yalimfikia Demetria kwa kinywa cha ndugu: "Mwambieni shimo liko wazi. Amemtupa ndugu yangu mchangani. Huku kwetu maiti hungoja mpaka wajukuu wafike kutoka Nairobi. Yeye alishindwa nini kungoja? Mimi sina tena shemeji Dar es Salaam."

Tangu hapo Noeli zilikuja na kupita, watu wakijazana kwenye mabasi kwenda kwao, na Demetria akibaki Mbagala na wanawe kama watu wasio na kwao. Hilo lilimuuma kuliko ujane wenyewe.

Aliyevunja ukimya ni mwanawe mkubwa, Alfonsi, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, fundi mafriji huko Mwenge. Noeli moja alimuaga mama yake kwamba anakwenda Morogoro kwa rafiki. Kumbe alipanda basi la Moshi. Aliporudi alikaa kwenye benchi la wateja, akavua viatu, akasema bila kumtazama mama yake.

"Mama, nilikuwa Kibosho."

Demetria aliendelea kumenya ndizi. "Kwa nani?"

"Kwa baba mkubwa. Nilimwambia nataka kuoa, na sina mzee wa kunisimamia. Jioni akasema atakuja huku kabla ya Kwaresima, atafikia kwa ndugu zetu Mwenge. Na atapita kwako."

"Kwangu?"

"Kasema upike mbege. Ya kweli. Kasema akinusa hamira anageuka hapo hapo."

Kisu kilisimama. Demetria hakuhitaji kuelezwa zaidi, maana hayo ndiyo aliyokulia. Kwao watu waliokosana hawapatani kwa maneno matupu. Mwenye kutaka amani anapika, anaonja kwanza yeye mwenyewe mbele ya aliyekosana naye, kisha anampa kata mkononi. Mwenzake akiimaliza, yamekwisha, na hakuna ruhusa ya kuyafukua tena. Akiiweka chini bila kuimaliza, basi na wao wamekwisha. Kasiani akiiweka chini, Demetria na wanawe hawatakuwa na mlango tena Kibosho, wala Alfonsi hatakuwa na mzee wa kumsimamia.

Ndiyo hivyo, mwanamke aliyekuwa anapika pombe kila wiki aligundua kwamba hajui tena kupika.

Alianza na kata. Aliitungua ukutani, akapika uji mwepesi wa kimea, akauacha upoe hadi uvuguvugu, akailaza kata humo. Alifikiri huenda kwenye kuta zake imebaki chachu ya zamani iliyolala. Aliifunika akaisubiri. Kilichoamka kilikuwa ukungu wa kijani na harufu ya kabati. Chachu ilikuwa imekufa kitambo. Demetria alitupa uji, akaiosha kata, akairudisha kwenye msumari wake.

Akajaribu tena. Alinunua ndizi sokoni Tandika, akazichemsha, akaziweka kwenye pipa jipya, akatia kimea kibichi kidogo badala ya hamira, maana kimea nacho kina vijidudu vyake. Halafu akafanya kama mama yake alivyokuwa akifanya: akalifunga pipa majani ya migomba, akalivika blanketi, akalisogeza jikoni karibu na moto. Kibosho ni baridi. Usipoivika mbege blanketi, inalala na wewe unalala na njaa ya pombe. Mikono yake ilifanya hivyo yenyewe, hakuiuliza.

Alipofunua, macho yalimtoka machozi. Ilikuwa siki, siki kali ya kutilia kachumbari.

Harufu hiyo ilivuka ua. Jirani yake Mwanaasha, mzaliwa wa hapo hapo Mbagala na mpika vitumbua, alichungulia kwa juu. Mtu wa kuswali, pombe hakuigusa wala hakupenda kuitaja, lakini kwa Demetria alikuwa jirani wa kweli, yule wa kuombana chumvi na kutunziana watoto. Wateja wakishapiga kelele sana alikuja kwenye ua na kuwatia adabu, nao walimwogopa.

"Mama Alfonsi, kulikoni? Umefungua kiwanda cha achari?"

Demetria alimweleza. Mwanaasha alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaliona blanketi. Alishika kiuno.

"Umelivika pipa blanketi. Mwezi wa pili. Dar es Salaam."

"Kwetu ndivyo inavyofanywa."

"Kwenu! Mie unga wangu wa vitumbua nikiulaza mapema kwa joto hili, asubuhi naukuta umetoka kwenye bakuli unatafuta njia ya kwenda sokoni. Wewe unauwekea moto na blanketi? Shoga, umeihurumia mpaka umeiua."

Demetria alicheka, kwanza kwa aibu, halafu kwa kweli. Akakaa juu ya ndoo. Mwanaasha akawa ndiye mwalimu, huku akiapa kwamba anafundisha habari za vitumbua tu na si kingine. Kwa chachu ya unga wake, alisema, hata siku hamira ilipokuwa haionekani, hakuwahi kushindwa kuiamsha. Shida ya pwani ni kuizuia. Unachelewa kuianzisha. Unaiweka kwenye chungu, si plastiki, maana chungu kinatoa jasho na jasho linapoza. Unakizika chungu nusu kwenye mchanga uliolowana, pahali pa kivuli ambapo upepo unapita, unakifunga gunia lililoloweshwa maji, na unakaa nalo karibu. Likikauka unamwagia tena.

"Chachu ya kwenu mnaibembeleza iamke," alisema. "Ya huku unaibembeleza isikimbie."

"Basi niazime ule mtungi wako mkubwa."

"Mtungi wangu sikupi. Watu wananywea maji wakitoka kuswali, leo niutie pombe? Kanunue wako. Nitakwenda na wewe nikuchagulie, kuchagua mtungi si dhambi."

Wakaenda, na Mwanaasha akaigonga mitungi yote ya muuzaji kwa kidole, akisikiliza, hadi muuzaji akakasirika. Wakarudi na mmoja mkubwa kwa mkokoteni, wakauzika nusu kwenye mchanga nyuma ya nyumba, upande wa upepo.

Bado lilibaki swali la chachu. Kimea peke yake kilikuwa kinaleta uchachu kabla ya povu. Demetria aliwaza kwenda Kimara kuomba machicha ya pombe kwa wanawake wa kwao wanaopika kule, lakini alijua wote wanatia hamira, ila wanasema hawatii. Ungetoka na hamira ya mtu mwingine ukaiita ya nyumbani.

Wiki moja kabla ya Kwaresima Alfonsi alifika na gunia begani. Ndani kulikuwa na mkungu mmoja wa ndizi za pombe, zile fupi nene, zinazoanza kuwa njano.

"Baba mkubwa yuko Mwenge. Amekuja nazo kwenye basi, amezipakata mapajani njia nzima, hakutaka ziwekwe juu. Kasema upikie hizi. Usichanganye na za sokoni. Atakuja Jumapili baada ya misa."

"Hakusema lingine?"

"Unamjua. Maneno anayanunua."

Mkungu mmoja. Ukiharibika hakuna wa pili. Demetria aliutundika, akauangalia ukiiva, akiupita kila saa kama mgonjwa wa wodini. Na katika kuuangalia ndipo wazo lilipomjia. Ndizi hizi zilitoka kihambani, zimepigwa na ukungu wa kule na kutambaliwa na nzi wa kule. Kilichokuwa kinaishi kwenye pipa la mama yake kilitoka wapi mwanzo, kama si huko huko kwenye migomba? Akakata chane moja, ile iliyoiva hadi maganda kuanza kupasuka. Hakuichemsha. Aliiponda mbichi, maganda na yote, akaitia kwenye chungu kidogo pamoja na kimea na maji ya kuchemka yaliyopoa, akakiweka mchangani kwenye ubaridi.

Kesho yake asubuhi aliinama akatega sikio. Ilikuwa inatabasamu, ndivyo wanawake wa kwao walivyoita vile viputo vidogo vinavyopanda na kupasuka. Harufu yake ilikuwa ya ndizi tamu na kitu kingine nyuma yake, kitu cha baridi, ambacho hakukisikia tangu aondoke kwao. Demetria alikaa chini mchangani na khanga yake safi. Alifurahi kiasi kwamba aliona aibu kumwita mtu.

Akachemsha zilizobaki mpaka zikawa nyekundu, akaacha zipoe kabisa, akazitia kwenye mtungi, akamimina ile chachu juu, akafunga kitambaa. Akakaa na ndoo ya maji na gunia.

Siku nzima mtungi haukusema neno.

Hapo ndipo alipoanza kuhesabu makosa. Labda maji yalikuwa bado ya moto yakaiunguza chachu. Labda ubaridi umezidi. Ndani, kwenye rafu, zilikuwapo pakiti za hamira, nyepesi, nyekundu, haziongopi. Kijiko kimoja tu. Kijiko kimoja nani atakinusa? Aliingia akaichukua pakiti, akaichana kona, akasimama nayo juu ya mtungi. Mwanaasha, aliyekuwa anaanua nguo upande wa pili, alimwona, akaendelea na nguo zake.

Demetria alijiambia hivi: Kasiani akikuta maji ya ndizi, atasema shemeji yangu hajui kupika. Akikuta hamira, atasema shemeji yangu mwongo, na kama ni mwongo kwa pombe basi alikuwa mwongo na kwa maiti. Akaikunja kona ya pakiti, akairudisha kwenye rafu.

Jioni kitambaa cha mtungi kilikuwa kimeinuka katikati.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya kumwagia gunia maji na kuonja, kumwagia na kuonja. Alipoona utamu unaanza kuliwa na nguvu inaingia, akachuja kwa kitambaa, akapika uji wa kimea na gome chungu la mti wa msesewe, akauacha upoe. Lakini hakuchanganya jioni kama kwao. Alifuata elimu ya vitumbua. Alisubiri hadi adhana ya alfajiri ya Jumapili, ndipo akakoroga vyote pamoja, akihesabu kwamba kwa joto la hapa itakuwa imefika baada ya misa, Kasiani atakapokuwa anaingia mlangoni.

Hesabu ilikuwa sawasawa. Mchana, watu wakitoka kanisani, alionja akafumba macho. Ilikuwa mbege: tamu mwanzoni, chungu nyuma, povu jepesi, ulezi unasikika kwenye ulimi. Mama yake angeinywa bila kusema neno, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake kubwa. Demetria alifagia ua, akawafukuza wateja wawili waliojisahau, akatandika kitambaa mezani, akaitungua kata ukutani.

Kasiani hakuja.

"Baba mkubwa wamemshika Mwenge," Alfonsi alisema alipofika peke yake, jasho linamtoka. "Wakibosho wote wa kanisani wanataka kumsalimia. Kila mmoja anamkalisha. Nimemwambia twende, kaniambia mbege haikimbii."

"Hakusema hivyo."

"Kasema."

Demetria alitazama mtungi. "Rudi kamchukue. Mbebe, ukiweza."

"Mama, tuiweke kwenye friji ya yule mteja wangu wa barabarani. Nimeitengeneza juzi, inagandisha vizuri sana."

"Umeme upo?"

Alfonsi alikumbuka mgao wa umeme, akaondoka mbio.

Mama wa watu alipambana. Alimwaga maji mchangani, akabadilisha gunia, akapepea kwa ungo. Mwanaasha naye akaleta ndoo mbili za maji ya kisima, akaziweka mpakani mwa ua, akasema hayo ni maji tu. Haikusaidia. Kila alipoonja, utamu ulikuwa umepungua na ncha ya uchachu imesogea mbele. Alasiri ilipita. Jua lilipoanza kulegea, mbege ilikuwa imeshavuka, na Demetria aliujua ukweli huo kwa ulimi wake, wala hakukuwa na la kufanya. Kuitia sukari? Kasiani angeijua. Alikaa kwenye benchi, ungo mapajani, akalia kidogo, akajifuta.

Ndipo Kasiani akaingia, Alfonsi nyuma yake. Alikuwa amevaa koti lake la sufu, lile la misa ya Kibosho, limefungwa vifungo vyote, na shati chini yake limelowa hadi kwenye kola. Alikuwa amezeeka. Demetria alipiga goti.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba," alijibu akitazama pembeni, akaketi. Alikataa maji. "Onja."

Demetria aliijaza kata, akaonja kwanza kama inavyopasa, akajizuia uso usikunjamane. Akampa kwa mikono miwili. Kasiani alinusa, muda mrefu.

"Hamira haimo."

"Haimo, shemeji."

Akapiga funda moja. Akaiteremsha kata polepole kutoka mdomoni. "Umeichanganya lini?"

"Leo alfajiri."

"Demetria."

"Leo alfajiri, shemeji."

"Mimi nimezaliwa na kukulia ndani ya mbege. Hii ni ya juzi. Nimetoka mlimani na mkungu mapajani, wewe unanipa mabaki ya wateja?" Akanyoosha mkono ili aiweke kata mezani.

"Shikamoo, baba!" Sauti ilitoka kwa juu ya ua. "Samahani kwa kuingilia. Mie ni jirani. Pombe siinywi na ladha yake siijui. Lakini huyu nimemwona kwa macho yangu anakoroga, adhana ya alfajiri ndiyo kwanza inatoka, mie naenda kutawadha. Mchana ilikuwa inanukia vizuri hadi nikafunga dirisha. Saa hizi inanuka siki. Ndo joto la kwetu, baba. Hapa kitu hakikungojei, hata ukipende vipi."

Mkono wa Kasiani ulibaki hewani na kata yake. Alimtazama Mwanaasha, akautazama mtungi uliozikwa mchangani, gunia lililolowa, ndoo, ungo. Tone la jasho lilidondoka kutoka kidevuni mwake. Alifungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalivua, kata ikihama mkono hadi mkono bila kuwekwa chini.

"Alfajiri," alisema.

"Ndiyo."

Alfonsi alikohoa kwa wasiwasi.

"Na Gaudens? Mlimngoja mpaka lini?"

Hakuna mtu wa Kibosho aliyewahi kumuuliza hivyo. Demetria alijibu taratibu. "Alikufa asubuhi. Tulimngoja mpaka kesho yake alasiri. Friji la hospitali lilikuwa bovu. Alfonsi alikwenda feri kuwaomba wavuvi barafu. Aliibeba kichwani kwenye gunia, na ikayeyuka njiani, akafika na maji. Akarudi tena. Ikayeyuka tena. Nilitaka kungoja, shemeji. Hakungojeka."

Kasiani alimgeukia Alfonsi. Alfonsi alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Mzee aliinua kata akainywa, yote, bila kupumzika, mpaka machicha ya ulezi yakabaki kwenye masharubu.

"Imechacha," alisema.

"Imechacha, shemeji."

"Nipe nyingine."

Demetria alijaza hadi ikamwagika. Kasiani alinywa ya pili kwa utulivu, na katikati ya kunywa akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua, "Hizi ndizi unajua zimetoka wapi?"

"Kihambani."

"Zimetoka shimoni. Lile nililomchimbia. Lilikaa wazi mpaka likaanza kubomoka, na kulifukia tupu sikuweza, mikono ilikataa. Nikapanda mgomba. Umezaa kila mwaka, nami kila mkungu nawaachia ndege, nani angekula? Baada ya kuja huyu kijana, siku ya safari nikakata huu." Akainywa iliyobaki. "Nilitaka nione utaufanyia nini."

Demetria alikumbuka ile chane mbichi iliyotabasamu ndani ya chungu kidogo, na pakiti yenye kona iliyochanwa. Alijifunika uso kwa khanga, na safari hii hakujifuta upesi.

Usiku huo Kasiani alilala nyumbani kwa Demetria, chumbani kwa Alfonsi, akilalamika joto. Asubuhi aliomba apelekwe makaburini, na akaomba kata na mbege iliyobaki.

"Shemeji, sasa imekuwa siki kabisa," Demetria alimwambia.

"Hiyo hiyo."

Walikwenda watatu. Kaburi la Gaudens lilikuwa na msalaba wa mbao na mche wa asumini alioupanda Demetria. Kasiani alisimama mbele yake, koti begani. Alimimina kidogo chini, mchanga ukanywa mara moja. Kisha akajaza kata. Demetria alipiga hatua mbele ili aionje, maana ni yeye aliyepika. Kasiani alimzuia kwa mkono.

Akaonja kwanza yeye. Ilikuwa siki, uso ukamkunjamana wote. Akaishika kata kwa mikono miwili, akamnyooshea Demetria, akangoja.

Demetria akainywa.